Kujitunza wakati wa mionzi si kujitibu

Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi akianza mionzi, kila mtu humwambia ajitunze. Shangazi ana maana ya liwa na kujifukiza. Jirani ana maana ya mizizi ya kuchemsha, "isafishe damu". Mume ana maana kwamba wiki hii alale nyumbani, hospitali watarudi akipata nguvu.

Kujitunza ni yale mgonjwa anayoyafanya mwenyewe ili mwili uhimili tiba mpaka iishe. Anaosha nyonga kwa maji ya vuguvugu bila kusugua, hafuti alama alizochorwa za kuelekezea mionzi, anavaa chupi za pamba zisizobana, haingizi kitu ukeni ati anajisafisha. Akiharisha, anakunywa ORS na kuweka kando maharage na mboga mbichi kwa muda.

Liwa na marashi huichokoza ngozi iliyokwisha kuungua. Mizizi ni hatari zaidi, kwa kuwa wengi hupewa pia sisplatini kila wiki, dawa ya saratani inayozielemea figo, na hakuna ajuaye mle sufuriani mna nini. Huko ni kujitibu.

Ila la mume ndilo linaloniudhi, maana linasemwa kwa huruma. Mionzi ya nje hutolewa siku 5 kwa wiki kwa takriban wiki 5, halafu hufuata ya ndani, ambayo chanzo chake huwekwa mwilini karibu na uvimbe, na tiba yote inatakiwa ikamilike ndani ya wiki 8. Ikivutwa zaidi ya hapo, seli za saratani hupata nafasi ya kuzaliana upya na uwezekano wa kupona hupungua. Anayekosa siku kadhaa kwa kisingizio cha kujitunza anaupa ugonjwa likizo. (Na wanaomtengea kikombe na mkeka waache. Mionzi ya nje haibaki mwilini, na katika ile ya ndani inayotolewa kwa muda mfupi, chanzo chake huondolewa kabla hajatoka chumbani.)

Kwa hiyo shemeji, mkeo akikwambia anaharisha mno au mapajani panawaka, mpeleke vilevile. Aseme kabla hajapanda kwenye mashine. Dawa za kumtuliza zipo, na kama ni kupumzishwa, daktari ataamua. Akivuja damu nyingi au homa ikifika nyuzi 38, msingoje siku ya zamu yake.