Afua za mapema kwa mtoto: maana yake ukiwa kijijini

Afua za mapema ni huduma anazopewa mtoto mdogo, hasa kabla hajatimiza miaka mitatu, akizaliwa na tatizo la viungo au akionekana kuchelewa: hakazi shingo, hakai, hageukii sauti. Ni mazoezi ya viungo, msaada wa kula na kuzungumza, vifaa, na mafunzo kwa mzazi. Zinahitaji haraka kwa sababu umri huo ubongo hukua kwa kasi na viungo bado ni laini.

Chukua nyayo za kifundo, yaani mtoto anapozaliwa na mguu uliopinda kwa ndani. Kwa njia ya Ponseti, mguu hunyooshwa kidogo kidogo na kufungwa hogo (plasta ngumu) jipya kila wiki, kwa kawaida mara tano au sita. Watoto wengi pia hukatwa kano ya kisigino. Kisha huja viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu hadi mtoto afike miaka minne hivi.

Sasa ipeleke ratiba hiyo kijijini. Kila wiki nauli ya kwenda hospitali ya mkoa, na masika bodaboda haipiti. Hogo likilowa, limeharibika. Kufika kwenye viatu, miguu imeshanyooka, mtoto analia usiku, na bibi anauliza anateswa kwa kosa gani. Familia nyingi hukwama hapo, na mguu hurudi kupinda. Mimi siuiti uzembe.

Mtindio wa ubongo, yaani ubongo kudhurika hata mtoto ashindwe kuongoza viungo vyake vizuri, ni mgumu zaidi, maana mwanzoni hauonekani. Mama hushtuka mapema. Kliniki mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, mama akieleza wasiwasi wake anaambiwa, "Subiri, wa kiume huchelewa." Mtaani wanamwambia karogwa. Miezi inakwenda.

Mtaalamu wa fiziotherapia akipatikana, humwona mtoto kwa nadra. Kazi yenyewe iko nyumbani: kumlisha akiwa wima, si chali, asipaliwe, kumbeba miguu ikiwa imeachana, kumkalisha kwenye kiti alichochonga seremala wa hapo hapo. Ndiyo maana anayefundishwa asiwe mama peke yake, bali na bibi anayeshinda na mtoto.

Tanzania ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, Desemba 2021, kwa watoto hadi miaka minane. Kwangu, kipimo chake ni mhudumu wa afya wa kijiji anayepita majumbani: je, anazijua dalili? Mtoto asiyekaza shingo akiwa na miezi minne, au asiyeketi bila kushikwa akiwa na miezi tisa, aandikiwe rufaa.