Jeraha la dhamiri ni nini, na mbona likizo haliponyeshi

Watu wengi wakisikia nesi au daktari kavurugwa na kipindi cha korona wanajua ni uchovu tu, apewe wiki mbili alale atakuwa poa. Kuna ambao ni kweli. Ila kuna wengine wamelala weee, likizo wamekula, zamu za usiku wamepunguziwa, na bado saa tisa usiku wako macho wanaangalia dari, na ukiwauliza hawasemi "nimechoka", wanasema "nilimwacha". Hicho ndo kinaitwa jeraha la dhamiri.

Yaani ni maumivu yanayobaki ndani ya mtu baada ya kufanya, au kushindwa kuzuia, au hata kushuhudia tu jambo ambalo moyo wake unamwambia halikuwa sawa. Na neno halikuanzia hospitali. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani, ni mmoja wa waliolipa jina miaka ya 1990, alikuwa anatibu wanajeshi waliopigana Vietnam na akaona kinachowatafuna sio woga wa risasi peke yake, ni kuhisi wakubwa wao waliwasaliti.

Sasa hospitali inaingiaje? Machi 2020, mwezi uleule WHO wametangaza korona ni janga la dunia, chama cha madaktari wa ganzi na wagonjwa mahututi Italia kilitoa mwongozo ukisema huenda ikabidi kuweka kikomo cha umri cha kuingizwa ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi. Mtu kaapa kuokoa maisha, alafu anatakiwa achague.

Na sio lazima yawe maamuzi makubwa hivo. Mchukulie nesi kavaa gauni na barakoa mbili, miwani imejaa ukungu, kashika simu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mbele ya uso wa mgonjwa ili binti yake amuage kwa video maana ndugu hawaruhusiwi wodini. Mkono unamuuma. Binti anasali, sala haijaisha, mara mashine ya kitanda cha pili inaanza kulia. Nesi anakata simu anakimbia. Kwa taratibu za kazi hajakosea chochote, ukimuuliza bosi wake atakwambia hivo hivo, ila miaka inapita na ile sala iliyokatika bado anaisikia.

Uchovu wa kazi ni kitu kingine. WHO mwaka 2019 waliueleza kama tatizo la kazini, sio ugonjwa: nguvu zinaisha, kazi unaichukia, unaona hufanyi cha maana. Mwenye uchovu anajiuliza kesho nitaamkaje, mwenye jeraha la dhamiri anajiuliza hivi mimi ni mtu gani mimi. Unaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja, na wengi wanavyo. Jeraha lenyewe halihesabiwi kama ugonjwa wa akili ila likiachwa linaweza kumvuta mtu kwenye sonona, pombe, vidonge vya usingizi.

Yale makofi waliyopigiwa wahudumu wa afya kipindi cha korona, wakiitwa "mashujaa wetu", nayo, kwa maoni yangu, yaliwaziba midomo, maana shujaa ataanzaje kusema anaona aibu? Na kuna waajiri walioona dawa ni semina ya kupumua taratibu, wakati mtu analia kwamba oksijeni haikutosha. Kupumua kunatuliza stresi sikatai, ila hakujibu swali la nani alituacha bila vifaa.

Kinachosaidia kwanza ni wakubwa kukiri wazi kwamba mlitumwa vitani mikono mitupu, na maamuzi ya nani apate mashine ya kupumulia yafanywe na jopo, asiachiwe daktari mmoja usiku peke yake. Cha pili ni mwenye jeraha kuongea na wenzake waliokuwepo, kwa sababu kwao hahitaji kueleza wodi ilikuwaje. Mwanasaikolojia naye ana nafasi yake, na kama mtu anazungumzia kufa hapo msisubiri, mpelekeni siku hiyohiyo.

Na wewe wa nyumbani, akikwambia "nilimwacha" usikimbilie "sio kosa lako bwana", hiyo kaambiwa mara mia. Muulize ilikuwaje, alafu nyamaza mpaka amalize.