Boti ya saa moja asubuhi: padri anayempenda mwanamume mwenzake

Muda wote tuliokaa alikuwa akiikunja na kuikunjua tiketi ya boti. Aliikunja mpaka ikawa ndogo kama hirizi, kisha akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, kisha akaanza upya. Alivaa shati la mikono mifupi, bila kola, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni na joto lile la Februari. Nilimkaribisha kwa “Tumsifu Yesu Kristo, Baba,” akajibu “Milele, amina,” halafu akanyamaza mpaka adhana ya adhuhuri ikaisha nje ya dirisha. Ndipo aliposema: “Dada, watu wote wanadhani nina mwanamke. Mimi sina mwanamke.”

Nimeunganisha watu kadhaa katika mtu huyu mmoja, na mengine nimeyabadilisha, ili asijulikane yeyote. Nafanya kazi ya ushauri nasaha hapa Unguja, na miaka mingi sasa wanaokuja kwangu wengi ni mapadri na watawa. Ninaowaita “Baba” baadhi yao ni wadogo zangu kwa umri. Naandika kwa sababu jambo hili linasemwa vibaya pande zote: wanaolisema hulisema kwa matusi, na wanaolijua wananyamaza.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichoahidiwa, maana hata Wakatoliki wa siku nyingi hukichanganya. Tunasema mapadri wameweka nadhiri. Padri wa jimbo hakuweka nadhiri. Siku alipopewa ushemasi, daraja la kabla ya upadri, aliahidi hadharani kuishi useja, na akamwahidi askofu wake utii. Nadhiri za useja, ufukara na utii ni za watawa, kama wale Mapadri wa Roho Mtakatifu walioingia Unguja mwaka 1863. Tofauti hii ina maana yake siku padri anapotaka kutoka, kwa sababu njia za kutoka hazifanani. Ila uzito wa useja ni uleule. Kanuni ya 277 ya sheria za Kanisa inamtaka kujizuia kabisa na daima, kwa ajili ya Ufalme wa Mbinguni, na haisemi popote “asimguse mwanamke.” Anayevutiwa na wanawake na anayevutiwa na wanaume wamefungwa kamba moja.

Kwa hiyo wengine huniuliza: kama kamba ni moja, kuna haja gani ya kumzungumzia huyu peke yake?

Haja ipo, na iko mlangoni. Padri aliyempenda mwanamke ana mlango wa kutokea, ingawa ni mwembamba na unafunguka taratibu. Anapeleka ombi Roma kupitia kwa askofu wake, aondolewe wajibu wa useja. Kwa kanuni ya 291 anayeweza kumwondolea ni Papa peke yake. Akikubaliwa, anaweza kufunga ndoa kanisani. Watu watasema mwaka mmoja, miwili, mtoto atazaliwa, atabatizwa, na midomo itachoka. Hata kabla ya hapo, aibu yake ina jina ambalo watu wamelizoea. “Padri fulani ana mke” ni maneno niliyoyasikia tangu utoto wangu, yakisemwa kwa masikitiko au kwa kicheko, lakini yakisemwa.

Huyu wangu, hata barua hiyohiyo ya Roma ikimfikia, anatoka nyumba moja bila kuwa na nyumba nyingine ya kuingia. Kanisa halina ndoa ya kumpa. Nje ya geti la parokia kuna sheria ya nchi: Zanzibar na Bara, tendo la mapenzi baina ya wanaume ni jinai yenye kifungo cha miaka mingi. Na kijijini kwao kuna mama aliyechinja ng'ombe siku ya misa ya shukrani, ambaye mpaka leo majirani humwita Mama Padri. Ukimwambia mtu wa namna hii “kama umeshindwa si utoke tu,” hujafikiri unamtuma wapi.

Roma yenyewe imesema mambo mawili ambayo hayajakaa vizuri pamoja. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2358, inaagiza watu wenye mvuto huu wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na wasibaguliwe isivyo haki. Waraka wa Novemba 2005, ulioidhinishwa na Papa Benedikto XVI, unasema asipokewe seminarini wala kwenye daraja la upadri mwenye kutenda ushoga au mwenye mwelekeo huo uliozama ndani yake. Mwongozo wa malezi wa mwaka 2016 ukarudia hivyohivyo. Januari 2023 Papa Fransisko alisema hadharani kwamba kuwa hivyo si jinai, huku akiyashikilia mafundisho ya Kanisa kuhusu dhambi. Desemba ya mwaka huohuo likaja tamko la baraka, na Januari 2024 maaskofu wa Afrika wakajibu kwamba baraka hizo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa huku kwetu. Sitaki kubishana hapa na waraka wowote kati ya hizo. Nasema tu ninachokiona chumbani kwangu. Kijana aliyepitia seminari baada ya 2005 amejifunza somo moja kuliko mengine yote, nalo ni kwamba anayesema ukweli ndiye anayefungasha mabegi.

Matokeo yake wanaogopa hata yasiyofaa kuogopwa. Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi ni hili: “Misa zangu zote hizi ni halali kweli?” Ni halali. Waraka ule unahusu kupokelewa, hautangui daraja la mtu aliyekwisha kupadrishwa. Na suala la sakramenti kutegemea usafi wa mhudumu lilikwisha kujibiwa na Mwafrika, Mtakatifu Augustino wa Hippo, alipopambana na Wadonati, Wakristo waliodai kwamba inategemea, zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Nimemwona mtu mzima akilia kwa kusikia hilo tu. Alikuwa ameadhimisha misa miaka minane akiamini anawadanganya waumini wake.

Kuna jambo jingine ambalo silivumilii hata kidogo. Mtu akisikia “padri” na “wanaume” katika sentensi moja, anaruka moja kwa moja kwenye watoto. Kumpenda mtu mzima na kumdhulumu mtoto ni mambo mawili, na sheria ya Kanisa yenyewe imeyatenganisha. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021 yaliliweka kosa dhidi ya watoto katika kanuni ya 1398, pamoja na makosa dhidi ya uhai, utu na uhuru wa binadamu. Uvunjaji wa useja umebaki mahali pake, kati ya makosa dhidi ya wajibu wa kipadri. Anayemgusa mtoto simpi nasaha ya siri. Huyo ni wa kuripotiwa. Na padri anayemfuata mseminari aliye chini ya mamlaka yake namweleza bila kuzunguka kwamba hilo ni kumtumia mwenzake, asiniambie ni mapenzi.

Sasa turudi kwenye tiketi. Ilikuwa ya kesho yake, boti ya saa moja asubuhi kwenda Dar es Salaam, na alikuwa anakwenda kuungama. Saa mbili za bahari kwenda na saa mbili kurudi, kwa kitubio cha dakika kumi. Mtu wa bara hawezi kuelewa hili mpaka aishi kisiwani. Jimbo letu, lililoanzishwa mwaka 1980, ni dogo. Mapadri wake wanafahamiana kwa sauti na kwa vishindo vya miguu. Anayekuungamisha asubuhi ndiye mtakayekula naye wali mchana, na kesho huenda akateuliwa kuwa mkubwa wako. Mtaani pia padri hana pa kujificha. Katika watu karibu milioni 1.9 waliohesabiwa Zanzibar mwaka 2022, Wakristo ni kiganja tu, na muuza machungwa wa Darajani anajua padri huyu kapita na nani jana. Akionekana mara tatu na rafiki yuleyule Forodhani, mara ya nne atakuta maneno yamemtangulia.

Na maneno yetu hayana huruma. Hapa kwetu wanawake wawili wakiitana “shoga” ni urafiki mtamu kabisa, neno la barazani na la jikoni. Ukilihamishia kwa mwanamume limegeuka jiwe. Padri wangu hakulitamka hata mara moja. Alisema “ile hali,” “huyo mtu,” “jambo langu.” Ilimchukua vikao vinne kusema “nampenda.”

Linaloniuma ni kwamba sheria ya Kanisa ilikwisha kuliona tatizo hili. Siri ya kitubio haivunjwi kwa lolote, na muungamishaji anayeivunja moja kwa moja anatengwa na Kanisa papo hapo. Kanuni ya 984 inamkataza mwenye madaraka kutumia katika uongozi alichokijua kwenye kitubio. Kanuni ya 240 inasema kwamba katika kuamua mseminari apewe daraja au aondolewe, maoni ya muungamishaji wake na ya mlezi wake wa kiroho yasiombwe kamwe. Waliotunga kanuni hizi walijua mtu anahitaji sehemu moja ambapo ukweli wake hautageuzwa barua ya uhamisho. Nimewahi kuombwa na mkubwa mmoja wa nyumba ya malezi nimletee “muhtasari mdogo tu” wa mazungumzo yangu na kijana aliyemtuma kwangu. Nilikataa, na hakunitumia mtu tena. Sijutii.

Mtu anayeweza kusema hupona hata kama tatizo halijaisha. Mfano ninaowapa ni Henri Nouwen, padri Mholanzi aliyesomwa dunia nzima. Mwishoni mwa 1987, akiishi na watu wenye ulemavu katika jumuiya ya L'Arche nchini Kanada, urafiki wake na mwanamume mmoja ulivunjika, naye akavunjika nao kabisa. Wenzake hawakumfukuza wala hawakujifanya hawajaona. Walimpeleka mahali pa matunzo kwa nusu mwaka, kisha wakampokea tena. Alikufa mwaka 1996 akiwa padri na mseja. Mvuto wake kwa wanaume hakuutangaza hadharani, lakini marafiki wa karibu walijua, na waandishi wa maisha yake waliueleza baada ya kifo chake. Krzysztof Charamsa, Mpolandi aliyekuwa mtumishi wa ofisi ya mafundisho ya imani Vatikano, alichagua njia nyingine. Oktoba 2015 alijitokeza mbele ya waandishi wa habari pamoja na mpenzi wake, na cheo kikaondoka siku ileile. Siwapi mapadri wangu mmoja wa hao kuwa kielelezo. Nawaambia tu kwamba kuna watu waliotangulia.

Halafu ninauliza swali ambalo wengi hawakulitegemea: na yule mwenzio, yeye anamwambia nani? Penzi likijulikana, padri huhamishwa, hupelekwa masomoni, hupewa mwaka wa mapumziko. Yule mwingine hana jimbo la kumhamisha. Anabaki mtaa uleule, na jina jipya alilopewa na watu. Padri wangu alipoulizwa hivyo aliacha kuikunja tiketi. Alisema alikuwa amemwombea kila siku kwenye Masifu ya Jioni, lakini hajawahi kumuuliza kama analala usiku.

Hajaamua bado. Hajui kama atabaki au ataandika barua, na mimi simharakishi, maana uamuzi wa maisha hauchukuliwi na mtu aliyeishiwa usingizi. Amempata mzee mmoja huko Dar es Salaam, padri mstaafu asiyemjua kwa jina wala kwa parokia, anayemsikiliza mpaka mwisho. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi anapanda boti ya saa moja, na jioni anakuwa amerudi kwa misa. Waumini wake wanajua ana matibabu ya meno.