Sehemu Tulivu za Kanda ya Kati kwa Msafiri Mwenye Gari Lake: Dhana Potofu na Ukweli

Mvua zinapokatika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, Kanda ya Kati ya Tanzania, yaani mikoa ya Dodoma na Singida, huingia katika miezi yake mizuri kuliko yote kwa mtu anayependa kusafiri kwa gari lake mwenyewe. Vumbi linakuwa halijapanda, majani hayajakauka yote, mtama na alizeti bado vimesimama shambani, na asubuhi huwa na baridi ya kumfanya dereva apandishe vioo. Hata hivyo familia nyingi hupita Dodoma zikielekea Arusha, Mwanza au Iringa bila hata kusimama, kwa sababu zimekwisha kuamini mambo kadhaa kuhusu eneo hili ambayo si ya kweli. Nayaeleza hapa kwa kuwa yanawanyima watu mapumziko ambayo wangeyapata karibu na kwa gharama ndogo.

Dhana: Kanda ya Kati ni nchi kame ya kupita tu, haina cha kutazama.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Takriban kilomita 160 kaskazini ya jiji la Dodoma uko mji wa Kondoa, na ukiuacha nyuma na kuendelea kidogo katika barabara kuu ya Babati unafika kijiji cha Kolo, lango la eneo la michoro ya miambani lililoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 2,336, na ndani yake kuna zaidi ya sehemu 150 zenye michoro. Michoro mingi ya rangi nyekundu ni kazi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuokota matunda na mizizi: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu ambao ukiwatazama kwa utulivu unaona jinsi mchoraji alivyojali hata namna nywele zao zilivyopangwa. Michoro myeupe ilifuata baadaye, ikahusishwa na wakulima na wafugaji, na mahali pengine imepakwa juu ya ile nyekundu, hivyo jiwe moja huonyesha mikono ya vizazi vilivyopishana kwa muda mrefu sana. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alifika huko mwaka 1951 na kutumia miezi kadhaa akiinakili, lakini Watanzania wanaoishi mwendo wa saa chache kutoka hapo wengi hawajawahi kuiona.

Wapo wanaoogopa kwenda wakidhani watalazimika kuingia ndani ya mapango yenye giza na popo. Sehemu nyingi zenye michoro si mapango ya kuingia. Ni majabali yaliyoinama na kutengeneza kivuli, na mtu husimama nje, mbele ya ukuta wa jiwe, huku nyuma yake bonde lote la chini likiwa wazi. Kinachohitajika ni viatu imara, maji ya kunywa na pumzi ya kupanda mlima.

Vilima vya Irangi, vilivyo huko huko Kondoa, vyenyewe vina historia inayosomeka ukiwa njiani. Ardhi ya Kondoa iliwahi kuliwa na mmomonyoko kiasi cha kuacha makorongo mekundu makubwa, hata mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi. Anayepita leo anayaona makorongo hayo yakiwa na vichaka na miti ndani yake, na kwa maoni yangu mandhari hiyo inastahili kutazamwa kwa saa nzima, hasa na mtu anayesafiri na watoto wa shule.

Upande wa mashariki iko Kongwa. Hapo ndipo serikali ya Uingereza ilipoanzisha mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga, ukashindwa kwa sababu ya mvua haba na udongo wa mfinyanzi unaokakamaa kiangazi, na kufikia mwaka 1951 ukaachwa. Kuanzia mwaka 1964 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola. Singida nayo ina maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, yaliyo jirani kabisa na mji, pamoja na majabali ya matale yaliyopangana kila upande, na kuna nyakati heroe hutua majini kwa makundi. Anayeelekea Iringa hukutana na Bwawa la Mtera katika Mto Ruaha Mkuu, karibu nusu ya safari, ambapo samaki wabichi na wa kukaanga huuzwa kando ya barabara.

Dhana: Utulivu uko mbali sana, ni lazima uingie porini.

Ukweli ni kwamba kelele za Kanda ya Kati zimejipanga kwenye mistari michache, na ukitoka katika mstari huo kwa kilomita chache tu, umekwisha kufika. Barabara ya Dodoma, Manyoni, Singida hadi Nzega ndiyo inayobeba malori ya mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo, kwa hiyo dereva aliyezoea njia hiyo hudhani kanda nzima ni ya mbio na honi. Barabara ya Kondoa, ambayo sasa ni ya lami hadi Babati, ina magari machache zaidi. Hata kwenye njia ya malori yenyewe kuna pa kuchepuka. Bahi ina mashamba ya mpunga na maji yanayotuama baada ya mvua nzuri, yakivuta ndege wengi, na Kilimatinde, karibu na Manyoni, imekaa ukingoni mwa Bonde la Ufa, mahali ambapo nchi inashuka ghafla mbele ya macho yako.

Porini kwenyewe hakuingiwi ovyo. Swagaswaga, Rungwa, Kizigo na Muhesi ni mapori ya akiba yaliyo chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, na kuingia bila kibali ni kosa la kisheria. Anayetaka kwenda huko aanzie ofisini.

Dhana: Bila gari kubwa la magurudumu manne usithubutu.

Miji yote niliyoitaja inafikika kwa lami au karibu sana na lami, na gari dogo lililo salama linaifikia bila shida. Tofauti hujitokeza pale unapoacha barabara kuu. Njia ya kutoka Kolo kwenda kwenye mlima wenye michoro inayotembelewa zaidi ina mawe na makorongo, na gari la chini litagonga tumbo. Hapo ni busara kuliacha kijijini na kukodi gari lililoinuka au bodaboda. Lililo muhimu kuliko ukubwa wa gari ni majira. Mito mingi ya huku ni ya msimu: hubaki mchanga mtupu kwa miezi mingi, kisha mvua ikinyesha milimani maji hushuka ghafla hata kama ulipo wewe jua linawaka. Kati ya Desemba na Aprili hakuna gari, liwe kubwa kiasi gani, linalopaswa kuingia katika korongo linalopitisha maji.

Hakikisha tairi la akiba lina upepo na jeki inafanya kazi, na ujaze mafuta mjini Kondoa, Manyoni au Singida kabla ya kuchepuka. Safari ya usiku haikomboi muda wowote, kwa sababu ng'ombe, mikokoteni ya punda na baiskeli zisizo na taa hutumia barabara hiyo hiyo.

Dhana: Simu itanionyesha kila kitu.

Ramani ya simu inajua barabara kuu, lakini haijui kwamba daraja la kijiji limebomoka mwezi uliopita, wala haitakuambia kisima kilipo au mzee gani ana habari za jabali lile. Mtandao nao hukatika mara tu unapoteremka mabondeni. Sehemu tulivu za huku bado zinapatikana kwa kuuliza: dereva wa bodaboda stendi, mama ntilie anayekupa chai, mtendaji wa kijiji. Ukiulizia umbali, uliza kwa saa, kwa sababu kilomita kumi za changarawe iliyopigwa greda na kilomita kumi za mawe ni safari mbili tofauti.

Dhana: Miezi ya Septemba hadi Novemba haifai, kwa kuwa kila kitu kimekauka.

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, kwa hiyo miezi hiyo ni kweli ni mikavu na yenye joto. Lakini ndiyo miezi ambayo njia za pembeni zimekauka na ni salama, mibuyu imepukutisha majani na kuonyesha umbo lake lote, na Agosti na Septemba ni mojawapo ya misimu miwili ya kuvuna zabibu. Kwa upande mwingine, anayekuja kati ya Aprili na Juni akumbuke Bunge la Bajeti, ambalo hujaza nyumba za wageni jijini na kupandisha bei. Kondoa na Singida haziguswi na jambo hilo, na mimi ningelala huko.

Dhana: Mahali pasipo na watu hapana mwenyewe.

Hili ndilo linalonihuzunisha zaidi, kwa kuwa madhara yake hayarekebishiki. Jabali lililo kimya linaweza kuwa mahali pa tambiko, na baadhi ya sehemu za michoro ya Kondoa hutumiwa na wenyeji hadi leo kuombea mvua na kuagua magonjwa. Mgeni anayepanda peke yake, akawasha moto wa kuchoma nyama chini ya mwamba au akaandika jina lake kwa mkaa, ameingia katika nyumba ya ibada ya watu bila hodi. Wapo pia wanaomwagia michoro maji ili rangi ionekane vizuri kwenye picha, na kila anayefanya hivyo anaiharibu. Vidole navyo vina jasho na mafuta, kwa hiyo hata kugusa kusifanyike.

Utaratibu ni mwepesi. Pale Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale; unaandikisha jina, unalipa kiingilio, unapewa mwongozaji. Kwingineko unapita kwa mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, unasalimia, unaeleza nia yako na kuuliza kama inaruhusiwa kupiga picha. Ukiambiwa kwamba siku hiyo mlima una shughuli za wazee, shukuru na umwombe mwongozaji akupeleke kwenye mwamba mwingine, kwani iko mingi na hakuna ulio wa kudharauliwa.