Uvuvi wa burudani si uvuvi mdogo

Juzi nimesikia tena. Mtu anawanyooshea kidole watu waliosimama lagoni, kwenye maji ya bahari yaliyotulia karibu na pwani, yamewafika kiunoni, kila mmoja na mshipi wake mkononi, anasema: "Hao ni wavuvi wa burudani, hawana hata nyavu." Nikanyamaza. Ilikuwa mara ya nne au ya tano, basi leo naandika.

Maana ya uvuvi wa burudani ni fupi. Mwongozo wa mwaka 2012 wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa unasema ni uvuvi ambao si tegemeo kuu la mvuvi kwa lishe, na samaki wake kwa kawaida hawauzwi wala kubadilishwa sokoni, hata soko la magendo. Nyavu hazikutajwa humo, wala boti.

Kinachotupotosha nadhani ni neno lenyewe, burudani. Siku hizi likitajwa tunawaza muziki na kiingilio mlangoni. Asili yake ni Kiarabu, mzizi uleule uliotupa baridi. Kuburudika ni kupoa, ndiyo maana hata maji huburudisha koo. Anayevua kwa burudani, basi, anajipoza. Sasa watu wakimwona mvuvi yeyote katulia na mshipi wake, hana haraka, wanaona huyo kapoa, kwa hiyo anastarehe. Lakini mvuvi wa kitoweo naye hufurahi mshipi ukivutwa! Nani asiyefurahi?

Na lagoni ndipo wanapochanganywa zaidi. Kina ni kifupi, mwamba wa matumbawe au ulimi wa mchanga umekinga mawimbi, chombo kikubwa hakihitajiki. Wote wawili, wa burudani na wa kitoweo, husimama kwenye mlango uleule, pale maji ya bahari yanapoingilia, maji yakianza kujaa, chambo cha kamba, ndoana za namba moja. Changu akinasa huwezi kuwatofautisha. Subiri wasipate kitu. Mmoja atakunja mshipi wake akicheka, ajiendee. Mwingine atahamia upande wa pili wa mlango na kutupa tena, na tena, mpaka giza, kwa sababu kuna sufuria inayomngoja.

Wapo pia wanaodhani wa burudani ni lazima amrudishe samaki majini. La. Ukimpeleka changu nyumbani ukamkaanga, ungali wa burudani, maadamu jiko lako halikuwa linamtegemea yeye. Kurudisha kuna sababu zake: kwenye mikoko na nyasi za bahari ndiko samaki wengi wanakokulia, kwa hiyo unayemnasa lagoni mara nyingi ni mtoto. Na chewa wa aina nyingi huanza maisha wakiwa majike, kisha wakikua hugeuka madume. Ukiondoa wakubwa tu, unaondoa madume. Ni mambo mazito, ila hayabadilishi jina la uvuvi wako.

Kuuza ndiko kunakolibadilisha. Yule mwenye boti ya kukodi na fimbo ya kuvulia ya bei mbaya, anayeuza nusu ya kolekole wake kila safari ili arudishe pesa ya mafuta, amekwisha kuhama, hata kama kofia yake inasema vingine.

Wale wa maji ya kiunoni, kama hujawauliza samaki wao wanakwenda wapi, waite wavuvi tu.