"Sasa Kisumu Iko Wapi Hapa?" Dhana Potofu Kuhusu Picha Dhahania za Mji

Mchoraji wa Nakuru akienda Kisumu na kurudi na picha dhahania, yaani isiyoonyesha vitu kama vilivyo, iliyoundwa kwa rangi na vitu vya kuokota vilivyobandikwa, haponi swali hilo: "Sasa Kisumu iko wapi hapa?" Watu hutafuta ziwa, mashua na samaki. Wakikosa, wanaamua kwamba jamaa amemwaga rangi tu.

Ukweli ni kwamba picha ya aina hii haijaahidi kuonyesha sura ya mji. Piet Mondrian, Mholanzi aliyehamia New York mwaka 1940, alichora Broadway Boogie Woogie kati ya 1942 na 1943. Humo hamna gari wala ghorofa. Kuna vimraba vya manjano, vyekundu na vya buluu kwenye mistari iliyonyooka, vikifuata mitaa ya mji huo na mdundo wa muziki alioupenda. Kisumu nayo ina ya kwake. Mistari miwili myeusi inayokatika ghafla ukingoni inaweza kuwa reli iliyofika ziwani mwaka 1901. Kijani kilichojaa pale ulipotarajia buluu ni gugumaji lililofunika maji, na kwa maoni yangu kinasema kweli kuliko mashua za kwenye kadi za posta.

Dhana inayokera zaidi ni ile ya "hata mtoto wangu angeweza." Kubandika, ndiyo, ataweza. Kubandika kitu kikadumu ni kazi nyingine. Chukua karatasi ya mfuko wa simiti, tiketi ya basi, ukurasa wa gazeti na kipande cha gunia kutoka soko la Kibuye. Gunia hunyonya gundi, kwa hiyo hupakwa kwanza gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, likauke, ndipo libandikwe. Karatasi ya gazeti ina lignini, kemikali ya asili ya mti, ambayo ikipigwa na mwanga na hewa huigeuza manjano. Ndiyo maana wengine hutoa kopi kwenye karatasi isiyo na asidi na kubandika hiyo. Rangi ya mafuta hushika juu ya akriliki (rangi inayozimuliwa kwa maji) iliyokauka, lakini ukigeuza mpangilio, akriliki itabanduka. Tabaka zikishakuwa kadhaa, mchoraji hushika msasa na kukwangua polepole mpaka herufi za mfuko wa simiti zichungulie chini ya rangi ya kutu. Akizidisha mkono, karatasi inatoboka na siku nzima imepotea. Muulize huyo mtoto ataachia wapi.

Kuhusu dai kwamba vitu vya kuokota ni dalili ya kukosa pesa za rangi: Picasso, mchoraji Mhispania, alitia kamba halisi kwenye picha yake mwaka 1912, na El Anatsui wa Ghana, anayeunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba, alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2015 kwa kazi ya maisha yake yote. Pesa haikuwa shida.

Wapo pia wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Hao hawajatazama vizuri chungu cha Kiluo chenye alama za kamba iliyosokotwa, zilizobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi. Hakuna anayeuliza alama zile ni picha ya nani.

Ukiamua kununua, muulize mchoraji ametumia gundi gani na kama amemalizia kwa vanishi. Kisha usiitundike jikoni kwenye mvuke, wala kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni.