Nyonga imevunjika, mgonjwa anarudi nyumbani: tuanze na choo

Mimi ni mtu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi wa nyonga ni wazee walioteleza bafuni au kujikwaa usiku wakienda kujisaidia. Mifupa ikishakuwa myepesi kwa umri, kuanguka tu ukiwa umesimama kunatosha kuvunja shingo ya mfupa wa paja. Mguu unaonekana mfupi, unyayo umegeukia nje, hapo hakuna kuchua wala kukanda, kimbizeni hospitali.

Sasa akisharuhusiwa, ndugu huwa wananiuliza mazoezi, mimi nawauliza choo chenu kikoje. Maana aliyewekewa nyonga ya bandia mara nyingi anaambiwa kwa wiki 6 hadi 12 asikunje nyonga kupita nyuzi 90 na asipishanishe miguu (muulizeni daktari wake, inategemea alivyopasuliwa), halafu anarudi kwenye choo cha kuchuchumaa, kigoda na mkeka! Wengi wanatoboa kiti cha plastiki katikati. Kinasaidia, ila mimi sikipendi sana, kikishatobolewa kinalegea na miguu yake inatanuka kwenye vigae vyenye maji. Bora fundi wa kuchomelea awatengenezee cha chuma, chenye mikono ya kushikilia na raba chini. Urefu wake: mgonjwa akikaa nyayo ziguse sakafu na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Na kabla hajakaa yeye, akalie kwanza yule mnene kuliko wote hapo nyumbani.

Kuna swala pia. Kuswali kwenye kiti kunawauma wazee kuliko hata mshono, mwiteni tu sheikh aongee naye, mzee atakubali kwa sheikh kile ambacho kwangu mimi hataki hata kukisikia.

Kingine ni hii huruma yetu ya "mama pumzika". Kulala muda wote ndio kunaleta vidonda vya mgongoni, nimonia, damu kuganda miguuni na misuli kuisha, ndio maana wodini tunawasimamisha hata kesho yake baada ya upasuaji, daktari akiruhusu. Dawa ya maumivu mpeni nusu saa hivi kabla ya mazoezi, sio baada. Akitembea, woka (fremu ya kushikilia) itangulie, ufuate mguu mbovu, kisha mzima. Ngazi: kupanda unatangulia mzima, kushuka unatangulia mbovu. Akifika hatua ya fimbo aishike mkono wa upande MZIMA, najua mtabisha, kila familia inabisha, ila ndivyo uzito unavyopungua kwenye nyonga iliyoumia.

Mfupa wenyewe unachukua kama miezi 3 kuunga, woga unaweza kukaa zaidi. Utakuta mtu anatembea vizuri kliniki lakini nyumbani hatoki chumbani. Huyo msimbembeleze kwa maneno, mpeni mboga achambue amesimama mezani, kiti kikiwa nyuma yake, kesho yake aende mwenyewe kumsalimia jirani, mtu akimfuata kwa nyuma. Mazulia yale madogo ondoeni na taa ya korido iwake usiku.

Mguu ukibaki mfupi fundi viatu anaongeza soli, ila upimwe kliniki kwanza sio kwa macho. Na shavu la mguu mmoja likivimba, pumzi ikibana, au nyonga ikiuma ghafla na mguu ukagoma kukanyaga, msisubiri siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo.